Diski ya Nyuma, Upande wa Kushoto

Gari letu lilifeli ukaguzi wa mwaka siku ya Ijumaa alasiri. Mkaguzi alinikabidhi karatasi bila kuniangalia, akarudi kwenye chai yake. Diski za breki za nyuma, zote mbili, zilikuwa zimeliwa na kutu kupita kiasi, na zilitakiwa kubadilishwa pamoja na pedi zake. Nilipomuuliza kama wao wenyewe wangeweza kunifanyia kazi hiyo, alifungua kitabu cha miadi, akapitisha kidole, akasema Alhamisi. Hakuwa na maana ya Alhamisi iliyokuwa mbele yetu. Alimaanisha ile ya wiki ya pili.

Cheti cha zamani kilikuwa kinaisha Jumatatu. Mke wangu ni muuguzi anayewafuata wagonjwa majumbani mwao, kuanzia hapa kwetu Thornton Heath, kusini mwa London, mpaka pembezoni kabisa mwa Croydon. Anafunga vidonda, anachoma sindano za sukari, anabadilisha mipira ya mkojo, na kwa basi asingewafikia hata nusu yao. Nikamwambia asijali, diski nitabadilisha mwenyewe.

"Wewe?" akaniuliza.

"Mimi."

"Umewahi?"

"Nimeangalia video."

Alitundika koti lake. Kisha akaenda chumba cha pili kumpa baba yake dawa za jioni.

Kazi yangu ni ya ofisini. Ninajibu barua za watu wanaolalamikia ukungu ukutani na mabomba yanayovuja kwenye nyumba za halmashauri, na kifaa kizito ninachokiinua kwa siku nzima ni kikombe. Kama tungekuwa wawili tu mle ndani, ningeazima gari kwa rafiki, mambo yakaisha. Lakini baba mkwe wangu alikuwa kwetu tangu katikati ya majira ya baridi, na mbele yake sikutaka kuonekana mtu wa kuazima.

Baba mkwe alikuwa fundi mkuu wa karakana ya magari ya serikali huko Morogoro kwa zaidi ya miaka thelathini. Malori, matrekta, mabasi ya shule, vyote vilipita mikononi mwake. Siku nilipokwenda kwao kujitambulisha, wajomba waliniuliza ukoo, dini na kazi. Yeye aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mikono yako inajua nini?" Nikamjibu kwamba ninajua kompyuta. Akasema "Haya," kwa sauti ya mtu aliyepewa chenji pungufu na hataki ugomvi.

Miaka mingi baadaye alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, na maneno yakamvurugika. Daktari alitueleza kwamba akili ni nzima, anaelewa kila kinachosemwa, ila njia ya kutolea maneno ndiyo imeharibika. Akitaka chumvi alisema sabuni. Akitaka sabuni alisema Jumanne. Kuna siku neno lilitoka sawasawa, na kuna siku lilitoka nusu, halafu akabaki na mdomo wazi akilitafuta hilo jingine, jasho likimtoka. Mama mkwe alikuwa ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo mke wangu alimleta akae nasi miezi sita amtunze mwenyewe. Tukawa nyumba ya kubahatisha. Baba anasema kitu, sisi tunataja vitu kumi, yeye anatikisa kichwa mara kumi, mwisho anapiga mkongojo sakafuni na kugeukia ukutani.

Jumamosi asubuhi nilikwenda duka la vipuri nikanunua diski mbili, pedi, kopo la dawa ya kutu ya kupuliza, na stendi ya chuma ya kushikilia gari likishainuliwa. Kufikia saa nne nilikuwa tayari mbele ya nyumba, pale tulipomwaga zege ili gari lipate pa kulala. Nikaweka gia namba moja. Nikapandisha hendibreki mpaka mwisho, kwa sababu kwenye video walisema gari lisije likasogea wakati unalegeza nati za gurudumu. Nikaweka matofali mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Nikapiga jeki upande wa kushoto.

Baba mkwe alikuwa ananichungulia dirishani. Punde mlango ukafunguliwa, mke wangu akatoka na kiti cha jikoni, na nyuma yake baba, amevaa sweta mbili, kofia ya sufu, na koti la mwanawe kwa sababu la kwake halikuwa zito vya kutosha. Akaketi kando ya mapipa ya taka, mkongojo mkononi, macho kwenye gurudumu.

"Shikamoo, baba," nikamwambia, ingawa tulikwisha amkiana.

Akaitikia kwa kichwa na kuelekeza mkongojo kwenye gari: endelea.

Gurudumu lilitoka vizuri. Nilimwangalia kwa pembe ya jicho kuona kama amependezwa. Kisha nikaanza na skrubu ndogo inayoshikilia diski, na hapo ndipo siku ilipoharibika. Bisibisi iliingia, ikazunguka mara moja, ikaitafuna ile skrubu kichwa chote kikabaki shimo laini. Nikabadilisha bisibisi. Nikagonga kwa nyundo. Nikapuliza dawa, nikangoja, nikajaribu tena. Saa nzima na nusu ilikwenda kwa skrubu isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Mwisho nikaichimba kwa mashine ya kutoboa, nikavunja vyuma viwili vya kutobolea, na vumbi la chuma likaniingia mdomoni.

Nilitamani kutukana. Nilikuwa na matusi yangu yote tayari, ya Kiswahili na ya Kiingereza, yamepangana kooni. Lakini mtu hatukani mbele ya baba wa mkewe. Nikawa nayameza moja moja, nasema "Aisee" na "Haya bwana," mpaka kichwa kikaanza kuniuma.

Nilifungua kalipa, kile kibanio kinachobeba pedi, nikakining'iniza kwa waya. Ikabaki diski peke yake. Kwenye video, yule fundi aliigonga mara tatu kwa nyundo, ikamwangukia mikononi kama sahani. Mimi niligonga mara tatu. Nikagonga thelathini. Niligonga kwa mbele, kwa nyuma, kwa pembeni, nikizunguka kadiri nafasi ilivyoruhusu. Kutu ilidondoka vipande vipande kama magamba ya samaki, lakini diski haikusogea hata kwa unene wa unywele.

Hapo ndipo baba mkwe alipozungumza kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mkono," akasema.

Nikainua mkono wangu wa kushoto, uliochubuka kidogo kwenye vifundo. "Si kitu, baba. Mchubuko tu. Nashukuru."

Akatikisa kichwa. "Mkono."

Nikaangalia mkono wake wa kulia, ule uliolala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Ulikuwa umeingia rangi ya kijivu kwa baridi. Nikamwita mke wangu. Alikuja na glavu ya sufu, akamvalisha kidole kwa kidole, akimsemesha kwa upole. Baba alimwangalia mwanawe, akaniangalia mimi, akafungua mdomo, akaufunga.

Niliendelea kugonga. Jirani yetu wa mkono wa kulia akatoka kuona kelele ni ya nini. Ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza, aliyefika London akiwa kijana, na Kiswahili chake ni kile cha dukani kwa baba yake, ambacho hukitumia kwa furaha kila anaponiona. Alisimama, akainama, akatazama.

"Hii imeshika kabisa," akasema. "Nyundo yako ndogo. Ngoja."

Akaniletea nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, akamsalimia baba mkwe kwa heshima, akarudi kwake. Nikaipokea kama mtu aliyeletewa jibu. Nilipoanza kuitumia, gari zima lilitikisika juu ya stendi na madirisha ya barabara yetu yakaitikia.

"Mkono!" Baba mkwe alisema kwa sauti kubwa zaidi.

Mke wangu akaja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, akamwekea juu ya ule mkono uliokufa. Baba akaiangalia ile chupa kwa muda. Kisha akaishika kwa mkono wa kushoto na kuitupa. Ilianguka karibu na pipa la taka, haikupasuka.

"Jamani, baba," mke wangu akasema. "Unauma sana?"

Alipiga pipa kwa mkongojo. Akapiga tena. Macho yalikuwa mekundu. Mke wangu akanigeukia mimi: "Baridi inamtesa. Na hizo kelele zako pia."

Kelele zangu! Kana kwamba nilikuwa nazipiga kwa kujifurahisha.

Jioni ilifika diski ikiwa palepale. Tulikula ugali wa muhogo na samaki wakavu ambao mke wangu alikuwa amewafuata sokoni Peckham siku chache kabla, kwa sababu baba yake hali mkate. Siku hiyo hakula hata ugali. Alikuwa ameshika kijiko kwa mkono wa kushoto, anaelekeza dirishani, gari liliko, anasema neno lile lile. Mke wangu alimpa dawa ya maumivu. Alimkanda kiganja kwa mafuta ya nazi, kutoka kwenye kifundo mpaka ncha za vidole. Baba aliacha akandwe huku machozi yakimtiririka, na sisi wawili tulitazamana tukiamini kwamba ni maumivu.

"Kesho asitoke nje," mke wangu akaniambia jikoni.

"Kesho nitamaliza mapema," nikamjibu, na sote wawili tulijua kwamba nasema tu.

Jumapili niliamka mabega yakiwa mazito kama nimebeba magunia. Nikakuta baba mkwe amekaa sebuleni, amevaa kofia, viatu vimefungwa kamba kwa namna yake ya mkono mmoja. Mke wangu alijaribu kumshawishi abaki ndani, akamwashia televisheni, akamletea chai. Alisimama akaelekea mlangoni. Tungefanya nini? Kiti kikatoka tena.

Kanisa linaloabudu kwenye ukumbi wa pembeni mwa barabara lilikuwa limekwisha anza nyimbo. Watu waliovaa vizuri walipita wakiniangalia, nimelala ubavu kwenye zege, uso mweusi, nyundo kubwa mkononi. Nikapuliza dawa ya kutu mpaka kopo likaisha. Nikapasha diski moto kwa bomba la gesi la kuchomea rangi, kama walivyoshauri kwenye video ya pili. Nikajaribu kuivuta kwa mtaimbo kwa nyuma, kama walivyoshauri kwenye video ya tatu, na nilichoambulia ni kupinda kile kibao chembamba cha bati kinachokaa nyuma ya diski. Nikaona kinavyopinda, nikajua nimeongeza kazi, nikaendelea kuvuta hivyo hivyo.

"Mkono," akasema baba mkwe.

Nikagonga.

"Mkono. Mkono."

Nikagonga. Nyundo iliteleza, ikapiga zege, na maumivu yakapanda kutoka kwenye kiganja hadi kwenye kiwiko.

"Mkono!"

Nikasimama. Sijui nilisimama vipi, ninakumbuka tu kwamba nilikuwa juu yake, yeye yuko chini kwenye kiti na koti lake la kike, na nyundo ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Mkono, mkono, mkono!" nikasema. "Nimesikia, baba! Tangu jana nasikia! Una mkono mbovu na mimi nina diski mbovu, sasa unataka nikufanyie nini? Ingia ndani! Nakuomba, ingia ndani, uniache!"

Kule kanisani waliendelea kuimba. Nilipogeuza kichwa, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Sijui alikuwa amefika saa ngapi, lakini uso wake ulinionyesha kwamba alisikia.

Baba mkwe hakupaza sauti. Aliuweka mkongojo sawasawa, akajiinua kutoka kwenye kiti kwa shida, nami sikumsaidia, kwa aibu au kwa hasira, mpaka leo sijui. Nilidhani anaelekea mlangoni. Hakuelekea mlangoni. Alizunguka nyuma ya gari, akiburuta mguu, akashika kifuniko cha buti, akafika upande wa dereva, akatundika mkongojo kwenye kioo cha pembeni, akafungua mlango.

"Baba, hapana!" nikapiga kelele. Gari lilikuwa juu ya stendi moja ya chuma. "Baba, usiingie, litaanguka!"

Aliketi kwenye kiti cha dereva. Gari lilizama kidogo upande wake, stendi ikalia juu ya zege. Matofali yalishika. Niliona bega lake la kushoto likishuka. Kikasikika kitu kama mlio wa meno ya chuma yakiachana, kisha kishindo kidogo.

Akatoka taratibu. Akachukua mkongojo wake. Alipofika nilipokuwa nimesimama, aliniangalia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemaliza kuelekeza njia:

"Mkono."

Mimi maisha yangu yote nimeiita hendibreki. Hata nyumbani, kabla sijaja huku, niliisikia ikiitwa hivyo. Lakini kwenye karakana ya Morogoro, na kwa mafundi wa umri wake, ilikuwa breki ya mkono. Diski ya nyuma ya gari letu imetengenezwa kama sufuria iliyofunikwa, na ndani ya ile sufuria mna vipande viwili vya breki ambavyo, ukipandisha ile breki ya mkono, vinatanuka na kubana kwa ndani. Yeye alijua hivyo kabla sijafungua nati ya kwanza. Aliniona nikiipandisha. Alikaa kwenye baridi siku moja na nusu akiangalia mtu mzima akipigana na breki aliyoifunga mwenyewe, na katika maneno matatu aliyoyahitaji, kichwa chake kilimpa moja tu, na hilo moja sisi tulilivisha glavu na kulikanda mafuta ya nazi.

Nikachuchumaa. Nikagonga diski kwa nyundo yangu ndogo, taratibu, mara mbili. Ikacheza. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaivuta, ikatoka na vumbi jeusi.

Sikujisikia furaha hata kidogo. Nilikaa na ile diski mapajani, nzito, yenye mabonde ya kutu na alama zote za nyundo zangu za siku mbili. Nilipoinua macho, mke wangu alikuwa amekwisha mshika baba yake mkono, anamwingiza ndani. Alirudi baadaye kuchukua kiti.

"Yale uliyomwambia," akasema, "sitamsimulia mtu yeyote. Hata dada yangu."

Ningependelea anigombeze.

Nilipachika diski mpya ya kushoto. Ilipozunguka ikakwaruza, kwa sababu ya kile kibao cha bati nilichokipinda, na ilinichukua saa nzima kukinyoosha kwa koleo, kidogo kidogo, nikizungusha na kusikiliza, nikizungusha na kusikiliza. Kisha nikahamia upande wa kulia. Nikahakikisha breki ya mkono iko chini. Nikaingiza mkono ndani ya gari nikaigusa, nikarudi nikaigusa tena. Skrubu ya upande huo ilitoka bila ubishi. Nikagonga diski.

Haikutoka.

Safari hii ilikuwa kutu kweli. Mvua nyembamba ikaanza, ile ya London isiyokulowesha mara moja lakini baada ya nusu saa unakuta imeshafika kwenye fulana. Nilikwenda mpaka mlango wa sebule. Baba mkwe alikuwa kwenye kochi, macho kwenye televisheni ambayo sauti yake ilikuwa imezimwa.

"Baba," nikaanza.

"Baba amelala," mke wangu akasema kutoka jikoni.

Alikuwa macho kabisa, na hakugeuza shingo. Nikarudi nje.

Nilikaa kwenye mvua nikiichunguza ile diski ya zamani niliyoitoa, kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya. Ndipo nikaona vitundu viwili vidogo ambavyo sikuwa nimevitilia maanani, vimejaa kutu. Nikavisafisha kwa msumari. Ndani vilikuwa na hesi, vile vijifereji vya mzunguko kama vya ndani ya nati. Nilitafuta kwenye boksi la vyuma vya zamani nikapata bolti mbili zinazoingia. Nikazifunga kwenye vitundu vya diski ya kulia, nikawa nakaza moja robo mzunguko, na nyingine robo mzunguko. Bolti zilipofika mwisho zikaanza kuisukuma diski itoke nje. Ilipiga ukelele kama mlango wa banda, ikasogea, ikasimama. Nikakaza tena. Iliachia ghafla, ikaanguka juu ya kiatu changu, na hapo, kwa kuwa mkwe hayupo, nikatukana. Nilitukana yote niliyokuwa nimeyahifadhi tangu Jumamosi saa nne. Jirani yangu wa Mwanza alichungulia juu ya ukuta, akacheka, akarudi ndani. Haikunipunguzia chochote.

Magurudumu yote yalikuwa yamerudi mahali pake saa kumi na moja jioni. Jumatatu gari lilipelekwa likakaguliwa upya, likapita, na yule mkaguzi akanipa karatasi bila kuniangalia, kama kawaida yake. Mke wangu aliwafikia wagonjwa wake wote wiki ile.

Lakini Jumapili ile jioni ilikuwa bado haijaisha. Nilioga, maji yakatoka meusi, nikavaa shati safi, nikaenda sebuleni. Mke wangu alikuwa anapakua chakula. Nikapiga goti mbele ya kochi, kitu ambacho sikuwa nimekifanya hata siku ya kutoa mahari.

"Baba, nimekukosea," nikasema. "Nimekutolea maneno mabaya, na wewe ulikuwa unanisaidia. Nisamehe."

Aliukamata mkongojo wake. Kisha akaanza.

Sijawahi kugombezwa vile na mtu yeyote. Alianza kwa sauti ya chini, akapanda. "Kabati," aliniambia, akinielekezea mkongojo. "Kabati wewe! Unga wa Jumanne! Umepiga, umepiga, sabuni, umepiga mpaka... mpaka mjomba! Ndizi! Mtu mzima ndizi!" Kila neno lilikuwa mahali pasipo pake, na bado hapakuwa na sentensi hata moja ambayo sikuielewa. Kulikuwa na sentensi ya upumbavu wangu. Kulikuwa na nyingine, ndefu, ya stendi moja ya chuma chini ya gari zima. Kulikuwa na ya glavu, na ya chupa ya maji ya moto, na hapo mke wangu naye akaangaliwa, akainamisha kichwa na mwiko wake. Kulikuwa na sehemu moja ambayo sauti ilimtetemeka, na nilijua ni ile ya "ingia ndani." Sikuinua uso. Goti liliniuma kwenye sakafu ya mbao, vidole vilikuwa vimevimba, nilikuwa na njaa, na sehemu fulani yangu bado ilikuwa na hasira na diski, na mvua, na yeye pia kwa kuwa sahihi.

Alinyamaza, akihema.

Jikoni sufuria ilikuwa inatokota. Mke wangu akafuta mikono kwenye kanga.

"Umemaliza?" akauliza, na sikujua anamuuliza nani kati yetu.

"Bado," akajibu baba mkwe, neno safi kabisa, akaanza upya.